Jihadhari na ua la tarumbeta langoni

Ikiwa wewe ni mkazi wa Nakuru, au ni mpitaji tu uliyelala mjini usiku mmoja, chagua siku upite polepole katika mitaa yenye bustani, kama vile Milimani, wakati jua linapotua upande wa Mau. Huenda ukapokewa na harufu tamu, nzito, ambayo mchana hukuisikia. Ukiinua macho utaona kwamba inatoka kwenye mti mfupi wenye majani mapana uliopandwa kando ya lango, nao umejaa maua marefu yanayoning'inia kichwa chini mithili ya tarumbeta. Mengine ni meupe, mengine ya waridi, mengine yana manjano ya papai lililoiva.

Wengi huuita tu ua la tarumbeta, nami nitatumia jina hilo. Harufu yake huzidi usiku kwa kuwa inawaita nondo, ambao huruka gizani. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na ajabu ni kuwa huko kwao umekwisha kutoweka porini. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, IUCN, liliziorodhesha aina zake kuwa hazipatikani tena mwituni. Mti huu ungali duniani kwa sababu binadamu wanaupanda, nao wanaupanda kwa sababu ni mzuri.

Uzuri huo ndio unaonifanya niuandikie juma hili. Kila sehemu ya ua la tarumbeta, tangu mzizi hadi jani, ua, mbegu na hata utomvu, ina sumu inayoweza kumlaza mtu mzima hospitalini, sembuse mtoto wa miaka mitatu anayeonja kila kitu. Mwenye kitalu aliyekuuzia mche kando ya barabara aghalabu hakwambii hilo, na pengine yeye mwenyewe hajui. Sisi tunaofungia mafuta ya taa na dawa ya panya kabatini, sumu nyingine tumeiacha nje na tunaimwagilia maji kila asubuhi.

Ua la tarumbeta lina ndugu yake wa maskini, asiyepandwa na mtu yeyote. Katika kamusi za Kiswahili utamkuta kwa jina la mnanaha. Huyu ni mmea wa kimo cha kiuno hivi, wenye majani yaliyochongoka kingoni na harufu mbaya ukiyafikicha. Ua lake ni jeupe au la zambarau na huelekea juu, wala haliningi'nii. Tunda lake ndilo kitambulisho: ni kama yai dogo la kijani lililojaa miiba, na likikauka hupasuka pande nne na kumwaga mbegu nyingi nyeusi zenye umbo la figo. Hupenda udongo wenye mbolea, kwa hiyo utalikuta kwenye jalala, nyuma ya zizi, na katikati ya mahindi na maharagwe kuanzia Njoro hadi Bahati.

Tena wote wawili ni wa ukoo mmoja na nyanya, pilipili, biringanya, tumbaku, viazi vya Molo na managu. Usishtuke. Ukoo mkubwa haukosi mkorofi, na hata kiazi chenyewe, kikikaa juani kikageuka kijani, huanza kutengeneza sumu yake. Lakini undugu huu una hatari moja ya jikoni ambayo nitaieleza baadaye.

Kwanza tuitazame sumu yenyewe. Ni kemikali tatu zinazofanana: atropini, hayosayamini na skopolamini. Mwilini mwetu neva hupeleka amri kwa viungo kwa kutumia kemikali iitwayo asetilikolini. Amri hizo huambia tezi zitoe mate na jasho, mboni ya jicho isinywe, moyo usiende mbio na kibofu kijikamue. Sumu ya mnanaha na ua la tarumbeta huenda ikakaa mahali pa kupokelea amri hizo, na viungo vikawa kama viziwi.

Kwa hiyo dalili ni rahisi kuzifuata. Mate hukauka hata mtu ashindwe kumeza au kutamka maneno sawasawa. Ngozi huwa nyekundu kwa mweupe, na kwa sisi weusi utaihisi tu kuwa ya moto na kavu, kwani jasho limekatika na joto la mwili linapanda. Moyo hupiga mbio. Mkojo hukwama. Mboni za macho hupanuka zikawa kubwa na nyeusi, mwanga ukawa unachoma, na maandishi ya karibu yakawa hayasomeki. Haya huweza kuanza kabla ya saa moja kwisha, na huchukua siku moja, mbili au zaidi. Macho yenyewe yanaweza kubaki hivyo kwa siku kadhaa baada ya mgonjwa kupata nafuu.

Kisha huja lile linalowatisha watu kuliko yote, maruweruwe. Mgonjwa huzungumza na watu wasiokuwepo, huokota hewani vitu ambavyo hakuna mwingine anayeviona, huvua nguo, hukimbia, hupigana na anayemshika. Mlevi wa pombe hujua kwa kiasi fulani kwamba amelewa. Huyu hajui. Kwake yale anayoyaona ni ya kweli kama wewe unavyoliona gazeti hili, na akizinduka aghalabu hakumbuki lolote.

Sasa jiweke mahali pa mzazi. Mtoto alikuwa akicheza nje. Saa kumi na moja jioni anaingia akiwa moto, macho yametoka, anamwita nyanya yake aliyefariki mwaka jana. Utafikiria nini? Wengine watasema ni malaria imepanda kichwani, na kusema kweli malaria kali huweza kuleta homa na kuweweseka. Wengine watasema karogwa, au ana mapepo, na jirani mwema atajitolea kumwita mchungaji waje wamwombee hadi usiku wa manane. Ikiwa ni kijana wa shule ya upili, baba atafungua mshipi kwanza, kwa imani kwamba mwanawe kalewa chang'aa.

Katika saa hizo ndipo mtoto anapopotea. Sina ugomvi na maombi, na anayetaka kuomba aombe akiwa ndani ya gari kuelekea hospitali. Ila ukiona homa pamoja na kuchanganyikiwa, tazama mdomo na macho. Mdomo mkavu kama karatasi na mboni zilizopanuka hata mbele ya mwanga ni dalili za kukufanya uulize haraka: leo alikuwa anacheza wapi, na alitia nini mdomoni?

Usimlazimishe kutapika. Usimnyweshe maziwa, ambayo wengi wetu tulilelewa tukiamini kuwa yanaua kila sumu. Hayaiui hii, na mtu aliyechanganyikiwa huweza kupaliwa na kinywaji chochote. Mweke mahali pa ubaridi, pasipo na mwanga mkali wala makelele. Kata tawi la mmea unaoushuku, lenye jani na ua au tunda, litie kwenye mfuko na uende nalo. Daktari anayeona tawi mkononi mwako haanzi kwa kubahatisha. Na nakusihi usione haya kusema ukweli iwapo ni kijana aliyekula kwa hiari yake. Pale kinachotakiwa ni kujua alikula nini na saa ngapi.

Hospitalini hakuna miujiza. Humtuliza kwa dawa za kutuliza, humpunguza joto, humtoa mkojo kwa mpira, hutazama moyo, na kungoja sumu imalizike. Ipo pia dawa inayopingana moja kwa moja na sumu hii, nayo ilivumbuliwa kutoka katika mmea mwingine wa sumu wa Afrika, haragwe la Calabar, Nigeria, ambalo zamani huko liliwalishwa watuhumiwa ili kuwatambua wenye hatia. Aliyekufa alihesabiwa mkosaji.

Usidhani haya ni ya mtoto mmoja mmoja tu. Sumu hii imewahi kuingia katika sufuria za watu wengi kwa mpigo. Mwaka 1676 askari wa Uingereza waliopelekwa Jamestown, Virginia, kuzima uasi, walichuma majani machanga ya mnanaha wakayapika kama mboga. Historia iliyoandikwa mwaka 1705 inasimulia kwamba kwa siku 11 mmoja alikuwa akipuliza unyoya hewani, mwingine ameketi uchi pembeni kama nyani, na ilibidi wafungiwe wasije wakajidhuru. Walipopata fahamu hawakukumbuka kitu. Waamerika wakaupa mmea huo jina la mji huo, na wanaliita hivyo hadi leo.

Karibu na kwetu, huko Usangi katika milima ya Upare, Tanzania, daktari wa hospitali ya serikali aliandika katika jarida la tiba mwaka 1991 kuhusu mlipuko wa sumu ya mnanaha iliyoingia kwenye chakula. Na lililo kubwa zaidi kwa upande wetu wa Afrika lilitokea Karamoja, Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Pokot, mwezi wa Machi na Aprili mwaka 2019. Wajawazito, akina mama wanaonyonyesha na watoto walikuwa wakipewa msaada wa unga wa lishe, nao uji wake ukageuka sumu. Karibu watu 300 waliugua na 5 wakafariki. Uchunguzi ulionyesha kwamba unga ulikuwa na sumu za mbegu za mnanaha zilizovunwa pamoja na zao la shambani kabla ya kusagwa. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisimamisha ugawaji wa unga huo.

Tafakari hapo, msomaji. Unga uliotengenezwa kiwandani, ukafungwa vizuri na kutiwa chapa, na bado magugu ya shambani yalipita. Hata nchi tajiri hazikupona: Desemba 2022, nchini Australia, zaidi ya watu 100 waliugua baada ya kula spinachi ya dukani, na kisa kilikuwa mimea michanga ya mnanaha iliyovunwa pamoja na mboga.

Hapo ndipo ile hatari ya jikoni niliyoitaja inapoingia. Mnanaha mchanga, kabla haujatoa ua, huweza kumpotosha mtu asiye mzoefu akaudhani ni managu au mboga nyingine ya kienyeji. Mama mboga aliyekulia shambani hapotezwi na hilo, na ndiyo sababu mimi huwapendelea akina mama hawa wanaokaa na fungu lao wakilipanga jani kwa jani. Wasiwasi wangu ni kwa yule anayechuma mwenyewe kando ya reli au nyuma ya ploti kwa sababu mwisho wa mwezi uko mbali. Ukitandaza managu mezani, jani lenye kingo zilizochongoka sana na harufu ya kuudhi litoe, na kama ni mengi, litupe fungu zima. Kuchemsha hakuiondoi sumu hii kiasi cha kutegemewa.

Vivyo hivyo kwa nafaka na maharagwe. Nyanya zetu walipokaa uani na ungo wakipeta na kuchagua, hawakuwa wanatafuta mawe tu. Siku hizi tunanunua gorogoro sokoni, tunamwaga moja kwa moja kwenye sufuria au tunapeleka kwenye kinu cha mtaani. Mbegu ya mnanaha ikishasagwa haionekani tena. Ungo haugharimu pesa nyingi, na watoto waliofunga shule wanaweza kabisa kuchagua maharagwe huku wakitazama televisheni.

Mfugaji naye asijione kuwa nje ya mambo haya. Ng'ombe aliye malishoni huikwepa mnanaha kwa harufu yake, lakini ukifyeka mahindi pamoja na magugu na kuyafukia yawe sileji, umemwondolea nafasi ya kuchagua.

Nilisema kemikali ya kwanza inaitwa atropini. Jina hilo wauguzi wa Bonde la Ufa wanalijua vizuri, kwani mtu anapomeza dawa ya kunyunyizia mimea, zile za kundi linalofanya mate na jasho kutiririka na kifua kujaa maji, atropini ndiyo anayodungwa ili kumwokoa. Katika nchi ya wakulima hilo si jambo dogo. Sumu inayokausha mwili inatumiwa kupambana na sumu inayoufurisha. Daktari wa macho hutumia dawa za kundi hili kupanua mboni apate kuangalia ndani ya jicho. Buscopan, ambayo akina mama huinunua duka la dawa kwa msokoto wa tumbo, hutengenezwa kwa skopolamini inayotokana na mti mwingine wa ukoo huu unaolimwa Australia. Hata wagonjwa wa pumu wa Ulaya walikuwa wakivuta sigara za majani ya mnanaha tangu karne ya 19, na baadhi ya dawa za kuvuta za pumu tunazozijua leo zimetokana na kemikali hizo hizo zilizorekebishwa.

Kuna kijana atakayesoma hapo na kusema: kumbe ni dawa! Naam, ni dawa ikiwa imepimwa kwa sehemu za elfu za gramu. Mmea haujipimi. Matawi mawili ya mti mmoja yanaweza kutofautiana kwa nguvu, jani changa na jani kuukuu si sawa, wala majira ya mvua si sawa na kiangazi. Aliyekula jana akapona hana anachoweza kumwambia rafiki yake wa leo.

Nawaandikia hasa wanafunzi hapa, wa sekondari na wa vyuo, wale wa Egerton kule Njoro na wa kampasi nyingine za mjini. Wazo la kileo cha bure kinachoota nyuma ya bweni ni wazo la zamani, na kila kizazi cha wanafunzi, hapa na ng'ambo, kina watu wanaolifufua. Pombe ina bei na miraa ina bei, kwa hiyo mtu huona kwamba mmea wa jalalani ni bahati. Walioupitia hawausifu. Tafuta maelezo ya wagonjwa popote duniani na utaona ni kiu, hofu, wadudu wanaotambaa ukutani, na aibu ya kuelezwa siku ya tatu mambo uliyoyafanya mbele ya watu. Wapo wanaokufa kwa joto la mwili na kwa moyo, na wapo wanaokufa kwa kutumbukia majini au kuvuka barabara kuu wakidhani ni uwanja. Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret haimngoji mtu mwenye maruweruwe.

Kamusi moja ya zamani ya Kiswahili imetaja kwamba wezi waliwahi kuutumia mnanaha kuwapumbaza waliotaka kuwaibia. Wanaume waliowahi "kuwekewa mchele" baa watatikisa kichwa, ingawa mchele wa siku hizi husemwa kuwa ni vidonge vya usingizi zaidi kuliko mimea.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa mimea ya sumu. Walikuwa nayo, na waliitumia. Waogiek wa msitu wa Mau na wawindaji wengine wa Kenya walipaka mishale yao utomvu mweusi kama lami uliotokana na mti ambao Wamaasai huuita olmorijoi. Sumu yake husimamisha moyo, na wataalamu huiita wabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali. Kuna panya mmoja mkubwa mwenye nywele ndefu, anayepatikana Kenya, ambaye hutafuna gome la mti huo huo na kujipaka mate yenye sumu ubavuni. Mbwa anayemng'ata huweza kufa. Jambo hilo lilithibitishwa na wanasayansi mwaka 2011, ingawa wenyeji walijua tangu zamani kwamba panya huyo si wa kuguswa.

Lililonivutia katika habari za mishale hiyo ni ngozi. Mshale uliopakwa ulifungwa kwa utepe wa ngozi hadi dakika ya kuutumia, ili sumu isikauke na ili usimkwaruze mtoto wala mwenye podo. Utengenezaji haukuwa kazi ya kila mtu, wala haukufanywa mahali pa kupikia. Sumu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alijulikana.

Mjini sumu haina mwenyewe. Chukua ule mti wa ua ambao umezagaa katika miji yetu, wenye majani membamba yanayong'aa, maua ya manjano mfano wa kengele ndogo, na tunda la kijani lenye pembe. Sumu ya mbegu zake ni ya namna ile ile ya mshale, ya kushika moyo. Tofauti ni kwamba huu haufungwi kwa ngozi. Umepangwa mstari kando ya uwanja wa kuchezea, na watoto hutumia matunda yake kama mipira ya kurushiana. Mbarika nao, unaoota kila penye kifusi, una mbegu zenye madoadoa mazuri ambazo watoto hupenda kuzitunga kama shanga. Mafuta ya mbarika ni salama kwa kuwa sumu haiyeyuki ndani yake, bali mbegu iliyotafunwa ni habari nyingine: risini iliyomo ndiyo iliyotumiwa, wanavyoamini wachunguzi, kumuua mwandishi Georgi Markov jijini London mwaka 1978, kwa kidonge kidogo kuliko kichwa cha pini.

Mtaniuliza, je, tukate maua yote? Sisemi hivyo. Nakuru ilitangazwa jiji Desemba 1, 2021, na jiji lisilo na maua ni la kusikitisha. Nyumba ya watu wazima watupu inaweza kuendelea kufurahia harufu yake ya jioni. Lakini penye mtoto wa chini ya miaka sita, au shule ya chekechea, au mzee aliyeanza kusahau, mimi binafsi ningeung'oa ua la tarumbeta na kupanda waridi. Mwenye nyumba ya kupanga huenda asikubali. Mwonyeshe ukurasa huu.

Anayepogoa avae glavu na asijifute macho. Mtunza bustani aliyeguswa jicho na utomvu huweza kuamka mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, na daktari asiyeambiwa habari ya mti ataanza kutafuta ugonjwa ubongoni. Matawi yasitupiwe mbuzi wala kutumiwa kama kuni za kuchomea nyama. Yafukie.

Mnanaha mwenyewe ung'oe ungali na maua, kabla tunda halijapasuka. Marekani walifukia mbegu za mimea mbalimbali ardhini mwaka 1902 ili waone zitaishi muda gani. Walipozifukua baada ya miaka 39, sehemu kubwa ya zile za mnanaha zilikuwa bado zinaota.